Nyumba Ambamo Mpishi Haonji

Ninyi wasichana mnaopika na kufua katika nyumba za wageni, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, haya ni yenu. Niliweka mwiko chini baada ya Pasaka iliyopita, magoti yalipokataa. Shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo mkikuta herufi imeanguka, isimamisheni wenyewe na muendelee kusoma. Sitawaambia nililipwa nini wala nani alinipandisha. Mpishi hapandishwi. Anatoka kwenye kuni, anaingia kwenye jiko la makala, akiwa na bahati anafika kwenye la gazi, na moshi ni uleule machoni.

Nilianza miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa binti, matiti ndiyo yanaanza kuota kifuani, na shangazi yangu alinitoa kwetu Runingu akanileta Uvira, mtaa wa Mulongwe, kwa Bwana Piyadasa. Bwana huyo alikuwa fundi wa masini za mashua, garaje yake iko Kalundu karibu na bandari. Baba yake alitoka kisiwa cha Ceylon, huko Asia, akafika Dar es Salaam kutafuta kazi. Mtoto akafuata reli mpaka Kigoma, kisha akavuka ziwa akaja kwetu. Watu wote walimwita Muhindi. Mwanzoni alikuwa anakataa, anaeleza, anachora hata ramani kwenye mchanga. Baadaye akachoka, akawa Muhindi kama walivyotaka.

Mke wake, Madamu Leela, alizaliwa Dar, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kimepigwa pasi.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Minye ni Feza."

"Minye!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Na mimi nitakuwa nani?"

"Weye ni Madamu."

"Haya. Weye Feza, umewahi kupika wali?"

"Kwetu tunapika bugali, Madamu."

"Basi tutafundishana," akasema. Shangazi alinifinya mgongoni, maana yake nisiseme tena.

Siku hiyohiyo nilikosea. Alinipa chungu cha dengu nikiangalie. Nikafanya kama mwanamke yeyote anavyofanya: nikachota kidogo, nikamwagia kiganjani, nikalamba kujua chumvi. Madamu aliniona. Hakupiga kelele. Alichukua chungu kizima akaenda kukimwaga kwa bata wa jirani, akarudi, akaosha chungu yeye mwenyewe, akaanza upya.

Ndipo akanionyesha ubao ukutani chumbani. Juu yake kulikuwa na sanamu ndogo ya mtu amekaa, macho yameinama, taa mbele yake na maua. Walikuwa watu wa mafundisho ya Buda. Akaniambia kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajala, sahani ya kwanza inawekwa pale. Na chakula cha kutolewa hakionjwi. Ukionja, umempa mgeni masalio yako.

"Huyu ni Mungu wenu?" nikauliza.

"Hapana. Ni mwalimu."

"Anakula?"

"Hali."

"Na wali huu?"

"Feza, koroga dengu."

Lazima niwaeleze shida yangu, hasa ninyi mliozaliwa mjini na mnakunywa chochote mnachopewa. Kwetu, anayekupa chakula au pombe anaonja kwanza mbele yako. Mama yangu hakuwahi kumpa mgeni kikombe bila kupiga funda la kwanza. Ni heshima, na ni ushahidi kwamba hakuna sumu. Mtu akikunyooshea kikombe bila kukigusa mdomoni, unaaga kwa adabu na unakwenda. Sasa nimefika katika nyumba ambamo kuonja ndiyo matusi. Kichwa changu kilikataa mwaka mzima.

Lakini kazi ni kazi, na hapa nawafundisha kitu. Nilijifunza chumvi kwa mkono. Kiganja kina mistari. Chumvi ikifika mstari wa kwanza ni ya mboga, ikifika wa pili ni ya dengu. Wali niliujua kwa kusikiliza: maji yakiisha, sauti inabadilika, inakuwa kama mtu anatembea juu ya majani makavu. Ninyi wenye kuonja kila dakika, mkifika mezani mmeshiba na sufuria ina nusu.

Mambo yao mengi yalikuwa yamevunjika njiani kabla hayajafika Uvira. Taa ilitaka mafuta ya nazi, nazi hakuna, tukawasha mawese, na mawese yakapaka ukuta moshi mpaka sanamu ikawa nyeusi kama sisi. Bwana alisema sasa imekuwa ya hapa. Hawakutaka kuua, kwa hiyo kuku mzima hakuingia uani, lakini ndagala, dagaa wa ziwa, wakiwa wamekaushwa waliwala, kwa sababu walikuwa wamekwisha kufa bila kuwauliza. Mwezi ukiwa mpevu walivaa nyeupe, hawakula tena baada ya jua kufika utosini, na nyumba ilinyamaza. Mtawa wa kuwasomea hakuwepo. Watawa walikuwa Dar, na kila mwaka Bwana alivuka mpaka Kigoma, akapanda treni, akaenda kuwapa chakula kwa ajili ya wazazi wake waliokufa, akarudi na uzi mweupe wa baraka waliomfunga mkononi. Kwao ndivyo ilivyo: ukiwalisha watawa, wema ule unaupeleka kwa mfu wako, na mfu anashiba.

Uhuru ukafika. Watu waliimba, Wabelgiji wakapakia vitanda kwenye kamyo, na waliokuwa wanadaiwa heshima wakaacha kuitoa. Bwana hakuondoka. Alisema masini haijui bendera. Mwaka ule Kusum alizaliwa, binti yao wa pekee, nikambeba mgongoni huku nakoroga sufuria, na Madamu akaanza kusema "minye" bila kucheka.

Mwaka wa nne wa uhuru, waasi wakaingia Uvira. Nitasema machache. Vijana walikuja na majani kichwani, wanasema maji ya mganga yatageuza risasi. Wengine niliwajua, walikuwa wanauza samaki. Wakamchukua Bwana kwenda Kalundu kuwatengenezea mashua. Hawakumpiga. Walimhitaji. Alikuwa amelala juu ya masini, kichwa ndani, ndege ya serikali ilipotokea upande wa ziwa ikapiga bandari. Wale vijana walikimbia. Yeye hakusikia, kwa sababu masini ilikuwa imewaka.

Tulimzika kwenye mteremko juu ya Kalundu, haraka haraka, bila sanduku.

Madamu hakulia sana. Alikuwa na jambo moja linalomla. Aliniita jikoni akasema: "Feza, siku ya saba lazima nitoe chakula kwa ajili yake. Amekufa vibaya, ghafla, hakujiandaa. Mtu wa namna hiyo hajui aende wapi. Anarudi nyumbani, anasimama pale mlangoni na njaa, anatutazama tunakula."

Niliangalia mlango. Ningefanya nini? Nimeishi kwao, sufuria zao nazijua, na sasa nikipita pale mlangoni nilikuwa natanguliza bega, nisimgonge.

"Watawa wako Dar," nikasema.

"Ziwa limefungwa."

"Basi utampa nani?"

Alifikiri siku hizo zote. Akasema mtawa ni mtu asiyeua, asiyelewa, asiyesema uongo. Kama watawa hawapatikani, atatafuta watu wa namna hiyo hapa. Akavaa nyeupe, tukaenda pamoja kwa mchungaji wetu, maana minye na mama yangu tulikuwa waprotestanti wa kubatizwa, tunakula Meza ya Bwana.

Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Madamu, pole. Lakini siwezi kula nyama iliyotolewa kwa sanamu."

"Hakuna nyama, Mchungaji. Ni mboga na wali."

"Hata mboga."

Tukatoka. Njiani Madamu akasema basi ataita wazee wa mtaa na wamama wajane, yeyote mwenye njaa. Na njaa ilikuwapo, wanangu. Soko lilikuwa limefungwa, watu wanachemsha majani.

Siku ya saba tulipika kuanzia alfajiri. Wali wa mwisho wa nyumba, dengu, mboga ya lengalenga, maboga, ndizi. Sikuonja hata punje. Tulitandika shuka nyeupe uani kwa ajili ya watakaokula. Watu wakaja, wakajaa uani, wakakaa pembeni mwa shuka. Hakuna aliyegusa kitu.

Mama Zawadi, jirani yetu mwenye mdomo kama pasi ya makala, akaniita pembeni.

"Weye Feza. Madamu yako ameonja?"

"Kwao hawaonji."

"Hawaonji?"

"Ni heshima."

"Hm! Basi kwao wanakufa na heshima." Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Hawaonji. Bwana yake amekufa kwa sababu ya batu ya hapa, leo anatupikia wali. Wali! Wakati hata mpanya hana cha kula!"

Watu wakaanza kunong'ona. Kulikuwa na habari za sumu kila mahali siku hizo, kila aliyekufa amelishwa. Mzee mmoja akasimama akapangusa suruali yake, tayari kwenda.

Nikamfuata Madamu. "Onja mbele yao, Madamu. Kijiko kimoja tu, watakula."

"Nikionja siyo sadaka tena. Ni masalio yangu. Nitampelekeaje masalio?"

"Wanaondoka."

Akatazama juu. Jua lilikuwa linakaribia utosini, na likishapita, chakula hakitolewi tena. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeona mashua inaondoka na mtoto wake yumo ndani. Hapo ndipo nilipoona kitu, na bado naona nilikiona sawa. Wao wanataka mtu aanze kula. Yeye anataka mtu wa kupokea. Anayepokea wa kwanza ndiye anayekula wa kwanza.

"Nipe minye," nikasema.

"Wewe?"

"Siui. Silewi. Uongo sijakuambia."

"Wewe ni mwanamke, Feza. Tena mpishi wangu."

"Na jua linakwenda."

Nilifungua kitambaa cha jikoni, nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikaenda kukaa katikati ya shuka, mahali ambapo mchungaji angekaa. Madamu Leela alikuja na sahani kwa mikono miwili. Alipiga magoti. Hakuna aliyewahi kuona mwenye nyumba amempigia magoti mtumishi. Nikapokea. Nikala. Tangu chungu kile kilichokwenda kwa bata, ilikuwa mara ya kwanza kujua ladha ya dengu kabla ya mtu mwingine.

"Ngojeni kwanza," Mama Zawadi akawaambia watu. Wakaningoja. Minye natafuna, wao wananiangalia koo.

"Feza, tumbo iko namna gani?"

"Tumbo iko muzuri. Chumvi ndiyo haiko."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Wakasogea, wakanawa, wakala mpaka sufuria zikalia. Baadaye Madamu alimimina maji kutoka birika kwenye kikombe, polepole, mpaka kikombe kikafurika na maji yakamwagika kwenye sahani, akisema maneno ya kwao ya kumpelekea Bwana wema ule. Ndipo alipolia. Ule mlango niliupita jioni bila kutanguliza bega.

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa alisimama akataja jina langu. Feza amekaa mahali pa kuhani wa sanamu na kula. Nikatengwa. Sitakula Meza ya Bwana, sitaimba, nitakaa benchi ya nyuma, mpaka nije mbele nipige magoti na kusema kwamba nilikula na mashetani. Nilikataa. Sikuona shetani pale. Niliona wajane wanakula wali. Kama ningesema nilimwona, ningekuwa nimesema uongo kanisani.

Majuma machache baadaye njia ya Kavimvira ikafunguka kidogo, Madamu akamchukua Kusum na sanamu yake ndani ya kitenge, wakavuka kwenda Bujumbura, na kutoka pale Dar. Aliniambia, "Nikifika nitakutafuta. Ulichonifanyia sitakisahau." Kusum alilia, anavuta kitenge changu. Sikupata neno lolote tena.

Mwaka haukwisha, mama yangu akafa Runingu. Sikilizeni vizuri. Mama yangu ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani. Sauti yake ilikuwa inasimama juu ya kanisa zima na wengine wanaifuata. Kila kilio cha tambarare, toka Runingu mpaka Luvungi, aliitwa kuimba. Nilikwenda kwa mchungaji kuomba waje wamwimbie.

Akasema, "Mama yako ni wetu. Lakini mwenye kilio ni wewe, na kwa aliyetengwa hatuingii. Tubu leo, tutakuja kesho."

Nilirudi. Nilikaa karibu na mwili wa mama yangu nikifikiri kwenda kupiga magoti. Shangazi alisema, "Enda, Feza. Ni neno moja tu." Sikwenda. Tukamzika na majembe yanasikika. Hakuna hata mtu mmoja aliyefungua mdomo. Majirani waliogopa kutengwa nao pia. Katika kazi zangu zote nimeungua, nimetukanwa, nimesingiziwa vijiko, lakini sijasikia kitu kizito kama ule udongo unaanguka bila wimbo.

Baada ya hapo nilipika kwa wengi. Kwa Mugiriki wa butike aliyekuwa anahesabu viazi. Kwa direkteri wa shule ambaye mke wake alinifundisha mkate. Uasi mwingine ukaja, na mwingine, kila mmoja unasema wenyewe siyo uasi. Kwa wageni wa misaada, wenye friji kubwa na chakula chembamba. Shikeni kisu chenu wenyewe, msitumie cha nyumba. Masalio msichukue bila kuuliza, hata kama yanakwenda kwa mbwa. Msilie jikoni, mwenye nyumba anafikiri ni kitunguu. Nilisonga hivyo mpaka magoti yakakataa, na Jumapili zote hizo nilikaa benchi ya nyuma.

Sasa, mwezi uliopita, motokari ilisimama kwangu. Akashuka mwanamke mnene, nywele zina mvi, amevaa suruali. Akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Minye ni Kusum."

Nilimshika kama mtoto wangu. Wajukuu zangu walicheka, ati Koko, bibi yao, anamlilia Muhindi.

Anaishi Kanada. Mama yake alikufa huko, mzee, kitandani. Alinieleza dini yao ilivyo sasa kule. Nyumba ya watawa iko katika jengo lililokuwa la kuuza matairi. Watawa wanaendesha motokari, kwa sababu ya theluji. Sadaka inatolewa Jumamosi, maana siku nyingine watu wako kazini, na mwezi mpevu wanausogeza mpaka siku ya kupumzika.

"Mwezi nao unangoja kongé?" nikauliza.

Akacheka. "Koko, watu wanafanya wanavyoweza. Chakula tunaagiza restora. Watoto wangu hawajui lugha ya nyanya yao, wanajifunza kukaa kimya na mwalimu Mzungu. Lakini wanakaa. Ni afadhali."

Nikasema ni afadhali, na nilimaanisha. Nilikuwa nimeona mawese yakiwaka mahali pa nazi.

Kisha nikamwuliza kitu nilichokuwa nimekibeba. Mama yake aliwahi kusema juu ya siku ya saba?

"Ndiyo!" akasema, amefurahi kunipa habari njema. "Mara nyingi. Alikuwa na wasiwasi sana. Lakini usijali, tulipofika Dar alirudia yote. Watawa walikuja, akatoa sadaka kamili, toka mwanzo. Maana ile ya Uvira haikuhesabiwa."

Niliweka kikombe chini.

"Watawa walisema haikuhesabiwa?"

"Hapana, Mama mwenyewe alisema. Siku zile watu walikuwa wakali na mambo hayo. Lakini sasa yamebadilika, Koko. Kesho nataka kutoa sadaka kwa Baba kule Kalundu. Mtawa wetu atasoma kwa telefone, mimi nitamimina maji. Nimeleta mchele kwa mtaa mzima. Na nimemwuliza kama wewe unaweza kukaa, upokee wa kwanza. Amesema mwanamke ni sawa, mpishi ni sawa, mtu yeyote mwenye moyo mzuri. Sasa inaruhusiwa."

Sasa inaruhusiwa. Hata mchungaji wa leo, kijana, anakula kwa Waislamu na kwa wakatoliki, anakwenda nao semina wanapiga picha. Nilimwuliza siku moja juu ya kutengwa kwangu. Alisema, "Koko, hayo ni ya zamani, karibu mezani." Kama mtu aliyekukanyaga anayekuambia mguu ulishapona.

Sikumkosea Kusum. Hakujua ile sahani ilinigharimu nini, na hakuna aliyemwambia. Nilimwandalia kitanda, nikampikia, akala. Nilimwambia baba yake alikuwa mtu mwema, na kwamba kesho apande mteremko na wale walio tayari kumsindikiza. Minye sitakaa.

Wajukuu na wakwe zangu walikuwa wamekwisha kuandaa mabeseni ya mchele. Niliwaita wote uani, mbele yake, nikawaambia hivi:

"Mchele wa watu mutauacha. Kesho asubuhi mutachukua majembe tunakwenda Runingu kwa mama yangu. Mutalima majani juu ya kaburi, kisha mutaimba, wote, tangu wimbo wa kwanza wa kitabu mpaka jua liwake kichwani. Miaka hii yote nilingoja kanisa lije limwimbie. Haliji. Asiyejua wimbo atafuata wenzake, na asiyetaka kuimba asilale hapa."